Karai la Benigna na Mgomba wa Rutaihwa

"Nipeni makarai mawili na siku kumi, na Ma Ephrasia ataiona Italia akiwa kitandani kwake, amejifunika blanketi."

Maneno hayo aliyasema Kagaruki, fundi redio wa Izigo, mwezi wa nane, mbele ya jumuiya nzima, baada ya rozari na kabla ya matangazo. Jumuiya yetu ina kaya kumi na tisa, lakini midomo ni mingi kuliko kaya, kwa hiyo kabla jua halijazama habari ilikuwa imeshafika Muhutwe, nayo ilifika ikiwa imenenepa: Kagaruki anajenga mnara wa simu nyuma ya choo chake, Kagaruki ametumiwa mitambo na Wazungu. Kesho yake Muhidini, mwendesha bodaboda, ambaye si Mkatoliki lakini mambo ya jumuiya yetu anayajua kuliko katibu wetu, alisimamisha pikipiki mbele ya duka la fundi.

"Taata Kagaruki, nasikia unakaanga intaneti."

"Naikaanga. Wewe lete mafuta."

Kagaruki ana miaka sitini na moja. Miwani yake ina mkono mmoja wa kiwandani na mwingine wa waya wa shaba. Duka lake ni dirisha moja juu ya mgongo wa kilima, kando ya barabara, ambapo redio zilizokufa huingia nyingi na zilizofufuka hutoka chache. Elimu yake ni darasa la saba na kitabu kimoja cha redio kisicho na jalada. Mimi niliyesomea diploma ya mawasiliano mpaka ada ikakatikia katikati ya mwaka wa pili nilikuwa na mambo mengi ya kumfundisha, ila kwa bahati mbaya hakuna hata moja alilolihitaji.

Kabla ya makarai alikuwa ameshatengeneza kengele ya kuanulia kahawa. Unatandaza nyaya mbili juu ya mkeka, tone la kwanza la mvua likizigusa kengele inalia, nawe unakimbia kuanua. Ilifanya kazi vizuri. Lakini kuku naye ana matone yake, na kuna mchana mmoja ambao kaya tatu zilianua kahawa mara sita chini ya jua kali. Ndiyo maana aliposema habari za Italia, watu hawakupiga makofi. Walikohoa.

Ma Ephrasia ni mjane wa Rutaihwa. Anakaa bondeni, chini ya duka la Kagaruki, umbali ambao ukiita unasikika lakini hueleweki. Mwezi wa sita aliteleza na mzigo wa nyasi za kutandaza migombani, nyonga ikavunjika. Madaktari walifanya walichoweza wakamrudisha nyumbani na amri moja: alale, asikanyage, na asipande kitu chochote chenye injini mpaka mwaka mpya. Ana mtoto mmoja tu, Elieth, ambaye ni sista. Miaka minne sasa yuko Italia anahudumia wazee, na tarehe nane Desemba alikuwa aweke nadhiri zake za daima. Kwa sista, siku hiyo ndiyo harusi, na baada yake hakuna nyingine. Masista wa huko walikuwa wameahidi kuirusha misa kwenye mtandao, saa tano asubuhi kwa saa za kwetu. Na mama wa bibi harusi alikuwa amelala chali bondeni, mahali ambapo simu inafaa kuwa tochi tu, maana kilima kimesimama kati ya bonde na mnara wa simu.

Tulijitolea kumpandisha barabarani kwa engozi, machela yetu ya kubebea wagonjwa.

"Wote niliowaona wakipandishwa kilima kile kwa engozi," alisema Ma Ephrasia, "walirudi wamefunikwa uso. Niacheni."

Nikapendekeza tuirekodi misa kule juu, tumletee jioni aangalie kwa raha zake.

"Wewe ukioa," alisema Ma Ephrasia, "nitakuja kesho yake."

Basi tukarudi kwenye makarai.

Kuna jambo ambalo Kagaruki halisemi kwenye jumuiya. Mkewe, Benigna, alifia hospitalini Bukoba miaka mitano iliyopita, na wakati huo Kagaruki naye alikuwa akikaa bondeni. Nesi alipiga simu mara kumi na moja usiku ule. Kagaruki aliziona zote kumi na moja kesho yake saa nne, alipopanda kilima akitafuta usafiri wa kwenda kumwona, na simu ikaanza kutetemeka mfukoni bila kukoma. Mwezi uliofuata alihamia juu. Kwa hiyo watu walipouliza fundi anapata nini kwa kumhangaikia mjane wa mwenzake, mimi nilikaa kimya, jambo ambalo si kawaida yangu.

Karai la kwanza lilikuwa la Benigna, alilokaangia maandazi miaka kumi na minane. Tangu msiba lilikuwa limetundikwa ukutani na hakuna jirani aliyethubutu kuliazima. La pili alilinunua Bukoba, siku alipokwenda kwa Alpesh.

Alpesh ana duka la vifaa vya umeme na ujenzi lililoanzishwa na babu yake, Thakorbhai. Ndugu zake wote wamehamia ng'ambo. Yeye amebaki, na Kihaya anakiongea kuzidi vijana wengi wa mjini. Kagaruki alimwomba ruta mbili zilizotumika.

"Za nini?"

"Za kumwonyesha mama mtoto wake."

"Una mnara?"

"Nina makarai."

Alpesh hakucheka. Kagaruki husema hiyo ndiyo sababu ya kununua kwake kwa miaka thelathini. Alitoa ruta mbili za ofisi fulani iliyofungwa, akachora karai nyuma ya risiti, akaweka nukta ndani yake.

"Antena ikae hapa, mawimbi yanapokutana. Kiganja kimoja kutoka kitako cha karai. Na waya wa antena usiurefushe. Ukizidi mkono wako, mawimbi yanaishia njiani kama mshahara."

"Mimi sijawahi kupata mshahara."

"Basi niamini tu."

Karai la Benigna lilifungwa kwenye ukuta wa duka, linaangalia chini bondeni. Hilo ndilo lingepokea intaneti ya dukani, ambako mtandao wa simu unafika, na kuitupa bondeni. La pili lilifungwa dirishani kwa Ma Ephrasia, dirisha pekee linaloelekea kilima, linaangalia juu, tayari kudaka. Umeme ulitoka kwenye betri ya pikipiki na kipande cha sola. Katikati ya makarai hapakuwa na kitu isipokuwa hewa, na chini ya hewa, kibanja, shamba la migomba la Ma Ephrasia. Kuyaelekeza yatazamane kulichukua siku tatu. Kagaruki alikuwa juu akigeuza karai upana wa ukucha, anangoja, anageuza tena. Bondeni Muhidini alisimama mlangoni na simu mkononi, akiinua helmeti kila mawimbi yalipopanda. Waliopita barabarani walidhani fundi anagombana na sufuria.

Siku ya tisa Sista Elieth alitokea kwenye simu, na kitambaa chake cheupe kichwani, akiwa mkubwa kama kiganja.

"Maama," alisema.

Ma Ephrasia alinyoosha kidole akamgusa shavuni, na kidole kikakata simu.

Ilibidi kupiga tena.

"Umekonda," alisema safari hii.

"Maama, hata hujanisalimia."

"Nakusalimiaje na umekonda?"

Tangu hapo waliongea kila Jumapili baada ya misa. Jumuiya ikabadilisha kikohozi kuwa sifa, na Kagaruki akaanza kutembea akiwa ameinua kidevu kidogo. Mtu mmoja kutoka Rubafu alituma salamu kuuliza kama sufuria ya kawaida inafaa, kwa kuwa karai mkewe bado analitumia.

Mvua zikaja. Mwezi wa kumi sauti ya Elieth ilianza kukatika. Katikati ya mwezi wa kumi na moja picha ilikuwa inaganda, sista kafumba macho, mdomo wazi, kama mtu anayetaka kupiga chafya kwa dakika saba. Kagaruki alibadilisha betri. Alibadilisha waya. Alifungua ruta akaipuliza, akaifunga, akaifungua tena. Alilisugua karai la Benigna kwa majivu hadi likang'aa kama siku lilipotoka dukani. Muhidini alimshauri alitie mafuta. Kagaruki aliendelea kusugua, nasi tukajua mambo ni mabaya.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu. Akapanda basi kwenda Bukoba.

"Umebadilisha nini?" Alpesh aliuliza.

"Sijabadilisha kitu. Kila kitu kiko pale pale."

"Mawimbi yanapita wapi?"

"Hewani. Juu ya kibanja cha Ma Ephrasia."

Alpesh aliweka chini bisibisi aliyokuwa nayo.

"Kagaruki, mimi ni Mhindi wa Bukoba, sina mgomba hata mmoja. Lakini hata mimi najua kwamba unakua."

Anasema alirudi akiwa ameangalia sakafu ya basi mpaka Izigo. Alipima mstari wake kiangazi, majani ya migomba yakiwa yamechanika na kujikunja, ukiona hadi upande wa pili wa kibanja. Mvua zilipoanguka, mgomba ulio mbele ya dirisha la Ma Ephrasia ulinyanyuka ukatandaza majani mapya, mapana kama mashuka. Na jani la mgomba ni maji yaliyosimama wima, na maji huyameza mawimbi ya ruta bila hata kutafuna. Angefanya kosa hilo mtu wa Dodoma, tungemwelewa. Kagaruki alizaliwa migombani, akalelewa kwa ndizi, nyumba yake yote imezungukwa na migomba, na bado alipiga hesabu zake kana kwamba mgomba ni nguzo ya umeme.

"Mhaya aliyesahau kuwa mgomba hukua," Muhidini alimwambia. "Wakikuzika nitasema hilo tu, halafu nikae."

Lakini utani uliisha tulipouangalia huo mgomba wenyewe. Sisi tunazika watu wetu kibanjani, na ule ulisimama kwenye kaburi la Rutaihwa, upande wa kichwa. Isitoshe, ulikuwa umetoa mkungu. Ma Ephrasia aliuona kila asubuhi kupitia dirisha lile lile la karai, akihesabu vichana vyake: tisa. Alikuwa ameupangia kazi. Pasaka Elieth angekuja likizo, kungekuwa na misa ya shukrani, na mkungu ule ungekuwa umekomaa.

"Baba yake naye atakuwa amechangia," alikuwa akisema.

Na kukata mgomba wa mtu wenye mkungu mchanga, kwetu, ni kazi ya adui. Watu wamehama vijiji kwa tuhuma ya namna hiyo.

Kagaruki alijaribu kuukwepa. Aliliinua karai la dirishani juu ya mti mrefu wa mkaratusi, na ruta ikiwa imefungwa ndani ya ndoo ili waya ubaki mfupi, lakini upepo wa ziwani ulipokuja ule mti ukacheza, na karai likawa linaangalia kila mahali isipokuwa kwenye karai la Benigna. Akalishusha. Ndipo alipovua kofia akaingia kwa Ma Ephrasia.

"Ma, naomba majani."

"Ya nini?"

Alimweleza. Ma Ephrasia alisikiliza huku ameutazama mgomba.

"Majani chukua. Mgomba usiuguse. Na umwombe mwenyewe, usiingie tu kama mwizi."

Kagaruki alikwenda kaburini na kahawa za kutafuna kiganjani, zile anazopewa mgeni. Akaziweka chini, akamwita kwa heshima.

"Rutaihwa, waitu, ni mimi Kagaruki. Naomba majani matatu. Mkungu wako siugusi."

Akakata matatu, na Jumapili ile Elieth alionekana hadi kovu la utotoni kidevuni. Kagaruki akalala usingizi.

Tarehe nane Desemba mvua ilianza kabla ya kupambazuka. Ilikatika saa nne, lakini ilikuwa imeshafanya ilichokuja kufanya. Mgomba ulikuwa umeinama kwa uzito wa mkungu na maji, na majani yaliyobaki, mazito, yanatiririka, yalikuwa yameshuka pale pale dirishani pamoja na mkungu wenyewe, kwa hiyo kukata majani peke yake kusingesaidia. Tuliusukuma, tukauegemeza kwa miti miwili. Ulisogea hatua moja ukakataa ya pili.

Chumbani tulikuwa watu kumi na wanne. Ma Ephrasia alikuwa amevalishwa kitenge kipya na kuegemezwa mito mitatu, simu imesimamishwa mbele yake kwenye kopo la unga. Saa tano kamili kiduara kilikuwa kinazunguka kwenye kioo. Saa tano na dakika saba likatokea kanisa, mstari wa masista weupe, halafu wakaganda. Ikaja sauti ya kinanda, nusu. Kikarudi kiduara. Kagaruki alikuwa amepiga magoti kwenye ruta, akibonyeza vitu ambavyo alijua kabisa havina kosa.

Ma Ephrasia hakuwa anaangalia simu. Alikuwa anaangalia nje.

"Kagaruki. Panga liko nyuma ya mlango."

"Hapana, Ma. Tusubiri kidogo, jua likitoka majani yatakauka."

"Na misa inasubiri?"

"Huo ni mkungu wa Pasaka."

"Pasaka atakuja kwa miguu yake. Leo mimi ndiye sina miguu."

Kagaruki hakuinuka. "Watasema nilikata mgomba wa Rutaihwa ukiwa na mkungu mchanga, tena juu ya kaburi lake. Watasema hivyo mpaka nizikwe."

"Lete panga hapa."

Akampa. Ma Ephrasia alilishika mpini kwa mikono miwili, akalaza bapa la panga juu ya blanketi, juu ya nyonga yake ileile mbovu. Akageuka dirishani akasema maneno machache ya Kihaya, kwa sauti ya mtu anayeongea na aliye chumba kimoja naye. Waliokuwa karibu na kitanda waliyasikia, na mpaka leo hakuna aliyekubali kuniambia. Kisha akamrudishia panga.

"Nimekata mimi," alisema. "Wewe ni mkono tu."

Yalikuwa mapigo mawili. Muhidini aliukumbatia mkungu ili usiangukie kaburi, ukamlowesha kuanzia kidevuni hadi magotini, akaulaza kwenye nyasi taratibu kama anayemlaza mtoto.

Picha ikaja. Haikuja kwa kubahatisha, ilikuja kama mtu amefungua pazia. Elieth alikuwa amepiga magoti. Padre aliuliza kwa Kitaliano, naye akajibu kwa Kitaliano, na Ma Ephrasia aliitikia kwa kichwa kila jibu kana kwamba yeye ndiye aliyemfundisha. Walipomwita kwa jina lake, mama alitangulia.

"Yupo," alisema, kwa chumba kizima.

Halafu Elieth akainuka kwenda altareni kutia saini karatasi ya nadhiri.

"Muone," Ma Ephrasia alisema. "Kalamu ameishika kama jembe. Baba yake huyo."

Hapo ndipo alipolia, na sisi tukapata ruhusa.

Kagaruki hakuyaona hayo. Nilichungulia nikamkuta amesimama kwenye mgomba ulioanguka, panga chini, anaangalia kilimani. Jua lilikuwa limetoka, na ukutani kwa duka lake karai la Benigna lilikuwa linawaka kwa maji ya mvua. Alikuwa ameshika miwani mkononi, na bila miwani Kagaruki haoni hata mlango.

"Kagaruki," sauti ilimwita kutoka dirishani. "Ingia. Bado anaimba."

Aliingia.

Mkungu ulipikwa siku hiyohiyo, maana ndizi changa hazina pa kwenda. Vidole vilikuwa vyembamba kama vya mtoto wa shule, vikakaa jikoni mpaka saa kumi, na bado vilikuwa na ukakasi wa kukaza ulimi. Hakuna aliyelalamika. Ma Ephrasia alimaliza sahani yake, akaomba nyingine.

"Rutaihwa amechangia," alisema. "Mapema mno, lakini ndivyo alivyokuwa. Kusubiri hakukujua."

Wiki moja baadaye, pembeni ya kisiki, chipukizi lilikuwa limeshafika goti, jani lake la kwanza likiwa bado limejikunja kama mwavuli. Kagaruki aliliangalia, akaangalia dirisha, akaangalia kilima, akarudi kuliangalia chipukizi. Safari hii alipima kama Mhaya. Akapanda basi kwenda Bukoba kutafuta bomba la chuma, la kubeba karai na ruta yake juu kabisa ya jani lolote, lisilotikiswa na upepo.

"Refu la nini?" Alpesh alimuuliza. "Misa si imeisha?"

"Jumapili zipo. Na mgomba unakua."

Alpesh akaingia stoo, akatoka nalo. Bomba la inchi moja na nusu, mita sita, ni shilingi elfu arobaini na tano, nazo Kagaruki alizihesabu zote mezani.